Mawimbi Kwenye Kioo cha Kale: Yametoka Wapi na Kwa Nini Yasiondolewe

Simama nje ya jengo la zamani, hatua kumi hivi kutoka dirishani, utazame taswira ya nguzo au mti ndani ya kioo chake. Kisha sogeza kichwa polepole, kushoto na kulia. Kama kioo ni cha kiwanda cha leo, nguzo itabaki imenyooka kama uzi. Kama kilitengenezwa kwa mikono, nguzo itajipinda, itakatika, itaungana tena, kana kwamba unaiona ndani ya maji yaliyoguswa na upepo.

Wengi wakiona hivyo husema kioo kimechoka, au kimeanza kuyeyuka kwa uzee. Fundi asiyekijua hukivunja, hukitupa pamoja na kifusi, na jioni dirisha lina kioo kipya. Ni kazi ya nusu saa tu, na kilichoondoka hapo hakirudi tena. Nimeamua kulieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu kioo cha namna hii, kikiwa kwenye fremu nzuri, hakiuawi na umri. Kinachokiua ni ukarabati, na mara nyingi ukarabati uliofanywa kwa nia njema kabisa.

Pumzi, bomba na tanuri

Kioo cha dirisha ni mchanga ulioyeyushwa. Mchanga peke yake hutaka joto kali mno, ndiyo maana huchanganywa na magadi au majivu ya mimea ili uyeyuke mapema, pamoja na chokaa ili kioo kiweze kuhimili maji. Kanuni hiyo ni ya kale na bado inatumika. Kazi ngumu ilikuwa nyingine: utalifanyaje bonge la moto liwe bapa, jembamba na la kupitisha mwanga?

Jibu moja lilikuwa kulizungusha. Mpulizaji alichota kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba refu la chuma, akapuliza hadi likawa tufe. Msaidizi wake alibandika ufito wa chuma upande wa pili, bomba likatenganishwa, pakabaki tundu. Tufe lilirudishwa kwenye mdomo wa tanuri na kuzungushwa kwa kasi. Tundu likazidi kutanuka, kingo zikawa laini, kisha ghafla tufe zima likafunguka na kuwa sahani bapa yenye upana wa zaidi ya mita moja, bado inazunguka kwenye ufito. Ikishapoa ndipo ilipokatwa vipande vya mraba na mstatili.

Mambo mawili yanatokana na njia hiyo. La kwanza ni mng'ao. Uso wa sahani ile haukuwahi kugusa meza wala sakafu ukiwa laini. Uliganda ukiwa umeguswa na moto na hewa tu, na ndiyo sababu kioo hicho kina uangavu ambao hata macho yasiyozoea huutambua. La pili ni nundu ya katikati, pale ufito uliposhikia, ambayo wengi huiita jicho. Kipande chenye jicho kiliuzwa kwa bei ya chini na kuwekwa mahali pasipo na umuhimu, kama zizini, au juu ya mlango palipohitaji mwanga tu. Leo vipo vioo vya kuigiza vyenye jicho katika kila pane, yaani kila kipande cha kioo cha dirisha, vikiuzwa kama alama ya nyumba ya kale ya heshima. Mwenye nyumba ya heshima wa karne ya 18 alilipa zaidi ili asiwekewe jicho.

Jibu lingine lilikuwa kupuliza mrija. Mpulizaji alilibembeza bonge hilo chini ya miguu yake, juu ya shimo, huku akipuliza, hadi likarefuka na kuwa kama pipa jembamba. Ncha zote mbili zilikatwa, mrija ukapasuliwa kwa urefu, ukaingizwa kwenye tanuri la kunyooshea, ukalainika na kulazwa bapa. Njia hii ilitoa vipande vikubwa zaidi, lakini uso wake uliguswa na sakafu ya tanuri, kwa hiyo upande mmoja huwa na ufifi kidogo. Mwaka 1832 Lucas Chance alileta Uingereza, katika kiwanda cha familia yake kule Smethwick karibu na Birmingham, namna bora zaidi ya kufanya kazi hiyo pamoja na mafundi kutoka bara la Ulaya. Miaka kumi na tisa baadaye kiwanda hichohicho kilitoa vioo karibu 300,000 kwa jumba la Crystal Palace lililobuniwa na Joseph Paxton kwa ajili ya Maonyesho Makuu ya London ya 1851. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa takriban sentimita 124 na upana wa 25. Vyote vilitoka kwenye mapafu ya watu.

Ukijua njia hizi mbili unaweza kukisoma kioo. Weka uso karibu nacho, jua likiwa upande wa pili, utafute viputo vidogo vya hewa. Katika kioo cha kuzungushwa, viputo na mikunjo hufuata tao, kama sehemu ya duara kubwa ambalo katikati yake iko nje ya dirisha. Katika kioo cha mrija, viputo vimerefuka kama punje za mchele na vyote vimelala upande mmoja. Nikikuta vioo vya tao na vya mistari ndani ya dirisha moja, najua mara moja kwamba dirisha hilo limewahi kuvunjika na kutengenezwa, huenda zaidi ya mara moja.

Mashine zilikuja baadaye. Mbelgiji Émile Fourcault alibuni mwanzoni mwa karne ya 20 namna ya kuvuta utepe wa kioo kutoka tanurini kwenda juu moja kwa moja, na mawimbi yakawa ya kunyooka na ya kujirudia. Kisha mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ilitangaza mbinu ya Alastair Pilkington ya kumimina kioo juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, kikaelea na kujisawazisha chenyewe. Takriban kila dirisha la leo limetoka kwenye mbinu hiyo, na ndiyo maana kioo cha leo kinarudisha taswira isiyotikisika.

Kioo hakitiririki

Hapa inabidi nisimame kidogo, maana kuna jambo linalorudiwa sana, hata na watembeza wageni kwenye majengo ya kihistoria: kwamba kioo ni kimiminika kizito, na kwa karne nyingi kimeshuka taratibu, ndiyo maana vioo vya kale ni vinene chini kuliko juu.

Si kweli. Mwaka 1998 Edgar Zanotto, mwanasayansi wa vioo kutoka Brazil, alipiga hesabu na kuonyesha kwamba kwa joto la kawaida mabadiliko yanayoonekana kwa jicho yangehitaji muda mrefu kuliko umri wa ulimwengu. Baadaye watafiti wengine walitengeneza kioo chenye mchanganyiko sawa na wa kioo cha enzi za kati cha kanisa la Westminster Abbey, London, wakapima ulaini wake. Walikuta kinatiririka kwa urahisi zaidi kuliko ilivyodhaniwa, lakini hata hivyo mwendo wake haungezidi nanomita moja hivi kwa miaka bilioni moja. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita.

Unene usio sawa ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Sahani ya kuzungushwa haiwezi kuwa na unene uleule kutoka katikati hadi ukingoni. Fundi aliyeshika kipande chenye upande mzito angeweza kuulaza chini kwa sababu hukaa vizuri zaidi hivyo, na vipo vioo vya kale ambavyo upande mzito uko juu au ubavuni. Nalisisitiza hili kwa sababu lina madhara. Mwenye jengo anayeamini kwamba kioo chake "kinashuka" hukiona kama mgonjwa anayesubiri kufa, na mgonjwa wa namna hiyo hakuna anayemhangaikia.

Unachokiona kama kasoro mara nyingi ni kumbukumbu. Uingereza ilitoza kodi ya madirisha kuanzia 1696 hadi 1851, na kwa karibu karne nzima hadi 1845 ikatoza pia ushuru wa kioo uliokadiriwa kwa uzito. Ushuru wa uzito uliwapa watengenezaji sababu nzuri ya kupenda kioo chembamba, na chembamba kilikuwa kile cha kuzungushwa. Kwa hiyo ule wepesi unaousikia ukikishika kioo cha wakati huo, milimita moja na nusu tu pengine, una mkono wa mtoza ushuru ndani yake. Kule Boston, Marekani, mtaa wa Beacon Hill, kuna nyumba chache zenye vioo vya zambarau. Viliagizwa Uingereza kati ya 1818 na 1824 vikiwa havina rangi. Watengenezaji waliweka manganizi ili kufuta ukijani unaoletwa na chuma kilichomo mchangani, wakaizidisha, na jua la miaka lilipoipiga ile manganizi likageuza kioo kikawa zambarau. Na katika nyumba iitwayo Old Manse, kule Concord, Massachusetts, mume na mke waliokuwa wamefunga ndoa karibuni walichora maneno yao kwenye kioo cha dirishani kwa almasi ya pete, wakaandika na mwaka: 1843. Fikiria fundi angekuja na kusema, "Kioo hiki kimekwaruzika, tukibadilishe."

Kinachoua kioo

Basi hufaje? Hupasuliwa na joto la kifaa cha kuondolea rangi kinachopulizwa karibu nacho. Huchomwa na cheche za mashine ya kukatia chuma, zinazoyeyusha vishimo vidogo usoni. Huliwa na dawa kali za kusafishia mawe ya ukuta, kwa sababu asidi iliyomo katika nyingi ya dawa hizo haibagui jiwe na kioo. Simenti au chokaa mbichi ikirukia na kuachwa ikauke, huacha doa lisilotoka kamwe. Kazi yoyote kubwa ya ukutani ianze kwa kufunika madirisha kwa mbao, yote, hata yale ambayo fundi anaapa kwamba hayataguswa.

Adui mwingine ni unyevu uliotulia. Maji yanayokaa usoni huvuta magadi na potashi kutoka ndani ya kioo, uso ukapauka na baadaye kuparuzika. Kioo cha enzi za kati chenye potashi nyingi huumia zaidi. Kwa hiyo vioo vilivyotolewa visilazwe kimoja juu ya kingine kwenye banda lenye unyevu. Visimamishwe kwa ukingo kama sahani kwenye kabati, vikitenganishwa na kitu kikavu, na hewa ipite.

Na kusafisha: maji safi na kitambaa laini, basi. Wembe, sifongo ya chuma na unga wa kusugulia visiikaribie kazi hii.

Lakini kifo cha vioo vingi zaidi huletwa na puti, kwa hiyo niiongelee kwa ukaribu.

Puti ya asili ni chaki iliyosagwa na kukandwa na mafuta ya kitani hadi ikawa kama unga wa chapati uliokandwa vizuri. Ndiyo inayokilaza kioo kwenye mfuo wa fremu na kuzuia mvua. Ikiwa mpya ni laini. Baada ya miaka hamsini ni jiwe. Fundi anapotaka kukarabati mbao za dirisha, hushika patasi na nyundo, akaanza kuichonga puti ile. Milimita chache kutoka kwenye ncha ya patasi kuna kioo chembamba cha miaka mia mbili. Pigo moja likiteleza, ufa hutembea kutoka konani hadi katikati, na sauti yake ni ndogo sana, kama kucha ikigonga kikombe.

Njia ya subira ni mvuke, au taa ya miale ya joto (infrared) inayolainisha puti huku kioo kikiwa kimekingwa kwa karatasi ya alumini. Puti ikilainika hukatwa kwa kisu kisicho na makali upande wa kioo. Vipande vya chuma au misumari midogo iliyofichwa ndani yake hutolewa kimoja kimoja kwa koleo. Kioo hakichokonolewi wala hakisukumwi. Kinaachwa hadi kichezecheze chenyewe ndani ya kitanda chake, ndipo kinainuliwa na kubebwa kikiwa kimesimama. Kabla ya yote hayo kila pane ipigwe picha na kupewa namba, na upande wa nje uandikwe, kwa sababu pane mbili zinazofanana kwa macho mara chache hulingana kwa milimita. Rangi ya zamani ya dirisha inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo kufunika pua na kuzuia vumbi ni sehemu ya kazi. Usichome rangi hiyo.

Wakati wa kurudisha, mbao hupakwa kwanza mafuta ya kitani au rangi ya msingi, la sivyo mti mkavu utayanywa mafuta ya puti na kuiacha ikiwa vumbi. Puti ikishakauka usoni, na inaweza kuchukua wiki kadhaa, hupakwa rangi inayovuka kidogo na kugusa kioo, milimita mbili hivi, ili maji yasipate mlango. Ile milimita mbili wengi huikwangua ili ukingo uonekane nadhifu. Wanafungua njia ya maji kwa mikono yao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa dirisha, usipoziba ufa wa puti utajenga fremu nzima.

Hata hivyo, ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye dirisha la kale huwa mmoja. Kama puti inashika na mbao ni nzima, usikitoe kioo. Puti iliyopasuka sehemu moja izibwe sehemu hiyohiyo.

Na baridi je?

Hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi upande wa wanaotaka kuvibadilisha, na haifai kupuuzwa. Kioo kimoja chembamba hupitisha joto haraka. Kioo cha tabaka mbili chenye hewa au gesi katikati huzuia zaidi kwa kiasi kikubwa, na gharama ya kupasha nyumba joto ni mzigo wa kweli.

Lakini tazama lawama inaangukia wapi. Katika dirisha la kale sehemu kubwa ya baridi mara nyingi huingia kupitia nyufa za kuzunguka fremu, na kioo kinasingiziwa. Kuziba upepo hakugusi kioo hata kidogo. Kufunga vibao vya mbao vya kufunika dirisha usiku na kushusha pazia zito kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kisha kuna dirisha la pili la ndani: fremu nyepesi inayowekwa nyuma ya dirisha la zamani, ikiacha nafasi ya hewa kati yao. Vipimo vilivyofanywa Uingereza kwa ajili ya majengo ya kihistoria vimeonyesha kwamba dirisha la pili lenye kioo kilichopakwa utando wa kurudisha joto hupunguza upotevu wa joto kupitia dirisha kwa zaidi ya nusu. La nje linabaki lilivyo. La ndani likichakaa, linaondolewa bila kuacha kovu. Jambo la kuangalia ni unyevu tu: la ndani lizibwe vizuri, la nje liachwe lipumue kidogo, ili ukungu wa maji usijikusanye katikati.

Ukilazimisha kioo cha tabaka mbili kwenye fremu ya kale, matatizo yanaanza kufuatana. Vijiti vyembamba vinavyogawa dirisha havina kina cha kukibeba, kwa hiyo vinabadilishwa kwa vinene. Dirisha la kupandisha na kushusha lina mizani, yaani vyuma vizito vya kulisawazisha, iliyofichwa ukutani, iliyopimwa kwa uzito wa kioo chembamba. Uzito ukiongezeka halipandi, na mizani yote inabidi ibadilishwe. Na muhuri wa kingo za kioo kile cha tabaka mbili huchoka baada ya miongo michache, unyevu ukaingia katikati mahali ambapo hakuna kitambaa kinachofika. Kioo kilichotupwa kilikuwa kimekwisha kuishi mara nyingi zaidi ya hapo.

Karatasi za plastiki za kubandika nazo nazitilia shaka. Zile za kuzuia jua hufanya kioo kipate joto bila usawa, na kioo cha kale chenye unene unaobadilikabadilika hupasuka kwa sababu hiyohiyo. Kuzibandua ni vita nyingine.

Kikivunjika

Ufa si hukumu ya kifo. Ufa mfupi konani ambao hausogei unaweza kuachwa miaka mingi. Kipande kilichogawanyika mara mbili au tatu kinaweza kuunganishwa ukingo kwa ukingo kwa gundi ya epoksi inayopindisha mwanga karibu sawa na kioo, na ikifanywa na mkono wenye ujuzi mstari unaobaki ni mwembamba kuliko unywele. Kazi hiyo apewe mtaalamu wa hifadhi, maana gundi iliyowekwa vibaya ni shida kuliko ufa.

Pane ikiwa imepotea kabisa, vioo vya kupulizwa kwa mdomo bado vinatengenezwa: Lamberts kule Waldsassen, Ujerumani, na Saint-Just nchini Ufaransa. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza ujuzi wa kutengeneza vioo kwa mikono kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la pamoja la nchi sita za Ulaya. Kuna pia kioo cha kuvutwa kwa mashine kinachouzwa kwa majengo ya kihistoria, chenye mawimbi madogo. Kinafaa jengo la mwanzoni mwa karne ya 20, ila kwenye dirisha la karne ya 18 mistari yake ni sawasawa mno, na jicho huona.

Kuna jambo moja ambalo hata wanaovipenda vioo hivi hulikosea. Vikibaki vichache, huvikusanya kutoka vyumba vya nyuma na kuvipanga mbele, ili jengo lionekane la kale kwa anayepita njiani. Naelewa hamu hiyo, lakini sikubaliani nayo. Katika nyumba nyingi za zamani kioo angavu cha kuzungushwa kiliwekwa mbele, sebuleni, na cha mrija chenye viputo kikaenda jikoni na vyumba vya watumishi. Mgawanyo huo unasema nani alikaa wapi na nani alistahili kuona vizuri. Ukivihamisha, vioo vyote bado vipo lakini habari hiyo imefutika. Viache mahali vilipo, na kile kipya kinachoziba pengo kichorwe mwaka wake kwa ncha ya almasi, kwenye kona ya chini, kidogo kiasi kwamba ni fundi atakayekuja baadaye na kuinama ndiye atakayeuona.